Matumbawe ya Fundi Baridi

Wateja waliokuja kusukwa kwenye baraza ya nyumba ile walikuwa wakiambiwa kwamba mwenye nyumba ana mke mwenza, na kwamba mke mwenza huyo ni wa kioo. Wakishangaa, Msusi huwaonyesha kwa ncha ya kitana: "Yule pale sebuleni. Hali, halali, hanuni, na mume wangu akirudi kazini anamsalimia yeye kwanza." Wateja hucheka mpaka vichwa vinatikisika, na yeye huwagonga kwa kitana watulie, maana mstari ukipinda ni lazima kufumua.

Mke mwenza huyo alikuwa hodhi la maji ya chumvi, refu kuliko kochi, lililowekwa mkabala na dirisha. Ndani yake mumewe alikuwa amejenga bahari: mawe yenye matundu, matumbawe ya zambarau na ya kijani yaliyochanua kama viganja vya watoto wachanga, konokono wa kulamba mwani kiooni, kamba mmoja mwenye mistari aliyejiona sultani, na samaki wawili wa rangi ya chungwa ambao hawakuachana hata kidogo. Chini ya hodhi, kabatini, pampu ilinguruma mchana kutwa kama paka aliyeshiba.

Mume alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Kazini aligandisha nyama za watu. Nyumbani alihangaika maji yake yasipoe wala yasipate joto kupita kiasi. Alipolijenga hodhi lile alikaa miezi na mawe matupu ndani ya maji, hakuna hata dagaa, akimwambia mkewe kwamba maji hayajakomaa.

"Maji nayo yanakomaa? Yamekuwa ndizi?" Msusi aliuliza.

"Yanataka subira kuliko watu."

"Basi na yakupikie."

Hilo ndilo swali pekee alilowahi kumuuliza juu ya hodhi, na lilikuwa la kejeli. Mengine aliyoyajua aliyaona kwa jicho la pembeni akipita na beseni la nguo. Alimwona mumewe akikoroga chumvi ya dukani, ile maalumu ya matumbawe, katika pipa la plastiki. Alimwona akimimina ndoo. Alimwona akitia tone la maji kwenye kijibomba cheusi, kisha akikiweka jichoni na kukielekeza dirishani kama nahodha anayetafuta nchi kavu. Basi. Ungemwambia kwamba siku moja vipande hivyo vya picha ndivyo vitakavyokuwa elimu yake yote, angekucheka.

Kisha Fundi Baridi akaanguka. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la bucha moja, bisibisi mkononi, akaegemea ukuta taratibu kama mtu anayetaka kupumzika. Wenye bucha walidhani anasikiliza mota. Walipomgeuza, mdomo ulikuwa umekwenda upande.

Kiharusi. Alirudishwa nyumbani mkono wa kulia na mguu wa kulia vimelala, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, mtu aliyejua kubishana na wateja mpaka wakasahau walichokuwa wakidai, lilibaki moja tu: bado.

"Umeshiba?" "Bado." "Unaumwa?" "Bado." "Nikugeuze?" "Bado, bado." Binti yao aliyekuwa akifanya kazi mbali alipiga simu, akawekewa baba yake sikioni, akamwambia anampenda. Baba akajibu, "Bado." Binti alilia, halafu akacheka, halafu akalia tena.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja mnene mwenye mikono ya nguvu, alimfafanulia Msusi kwamba neno hilo si jibu. Kichwani mwake mgonjwa anajua anachotaka kusema, lakini kila akiufungua mdomo linatoka lile lile. "Usilitegemee," alisema. "Tazama macho." Na macho yalikuwa hodhini. Mtaalamu aliona jinsi yalivyomfuata samaki kutoka upande mzima hadi upande uliokufa, upande ambao mgonjwa hakutaka kuuangalia kwa lingine lolote. Akaagiza kitanda kihamishiwe sebuleni.

"Hiki kitu ni dawa," alimwambia Msusi. "Kitunze kama unavyomtunza yeye."

Msusi akaitikia. Mtu aliyetupiwa kamba akiwa katikati ya maji haulizi imesokotwa wapi.

Tatizo la kwanza lilijitokeza mapema. Kila siku maji yalipungua. Hayakuvuja popote, yalipungua tu, na yakishuka chini ya kiasi, pampu ilianza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Msusi alikumbuka pipa. Akaliburuta hadi katikati ya sebule, akalijaza maji, akafungua mfuko wa chumvi. Bahari si chumvi? Maji yakipungua, yarudishwe ya chumvi. Hata mtoto angejua.

Mara Fundi Baridi akaanza kutikisika kitandani. "Bado!" akasema.

Msusi akageuka. Ile haikuwa ile bado ya kila siku, iliyotoka kama pumzi. Hii ilikuwa na msumari ndani yake.

"Nini, Baridi wangu? Chumvi?"

"Bado! Bado!" Mkono wa kushoto ulipiga ukingo wa kitanda.

"Haijatosha?"

"Bado!"

Msusi alijua alichoambiwa na mtaalamu. Lakini mke aliyekaa wiki baada ya wiki bila kusikia jibu la mumewe, halafu akauliza swali na jibu likaja limelingana nalo kama kufuli na ufunguo, huyo umwambie nini? Moyo ulimruka. Anazungumza! Ananifundisha! Akachota bakuli la pili la chumvi akatia, akakoroga huku machozi ya furaha yakimdondoka pipani. Mumewe alipiga ukingo wa kitanda mpaka mkono ukachoka. Naye akamimina ndoo ya kwanza hodhini, akamimina ya pili, pampu ikatulia.

"Umeona?" alimwambia, akimfuta jasho. "Tutaweza."

Fundi Baridi alifumba macho.

Ikawa ndiyo desturi. Maji yakipungua, pipa. Na kila pipa lilipoburutwa, mgonjwa alichachamaa. Msusi alidhani ni uchu wa kazi, fundi anayetamani kuinuka na kushika mwenyewe. Safari moja mgonjwa alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea rafuni, akanyoosha na kunyoosha. Msusi akamletea miwani. Akamletea redio. Akamletea kitambaa, picha ya harusi, kikombe. Kijibomba cheusi kilikuwa pale pale rafuni, nyuma ya mahali pa redio, akakisogeza pembeni ili afikie picha.

Matumbawe yalianza kwa kununa. Yale ya viganja yalifumba asubuhi na hayakufumbua tena. Ya zambarau yakafifia pembeni, kisha weupe ukapanda kama moto unavyokula karatasi. Konokono mmoja akaachia kioo akaanguka chali. Msusi akamgeuza kwa kijiko cha mpini mrefu, akaanguka tena. Kwenye ukingo wa hodhi ukoko mweupe ukajijenga, naye aliusugua kila siku kwa kitambaa akidhani ni uchafu.

Alimpigia simu muuza samaki wa mapambo ambaye mumewe alizoea kununua kwake. Kelele za mashine zilisikika upande wa pili.

"Yanageuka meupe," Msusi alisema.

"Badilisha maji, mama. Toa mengi, tia mapya. Salimia mzee!"

Akatoa mengi, akatia mapya, kwa kipimo chake kile kile cha mabakuli mawili. Kesho yake kamba mwenye mistari alionekana amelala ubavu chini ya jiwe, miguu yake myembamba ikipungwa na mkondo wa pampu. Msusi alikaa kumtazama kwa muda mrefu kabla ya kuelewa kwamba mwenyewe hakuwa akiipunga.

Siku hiyo Fundi Baridi alikataa kula. Uji ulitoka pembeni mwa mdomo. Akageuza uso ukutani, upande ule uliokufa, upande ambao mtaalamu alikuwa akihangaika miezi yote aukumbuke. Sasa aliukumbuka vizuri, kwa kuwa haukuwa na hodhi.

Ndipo akaja wifi yake Msusi, dada mkubwa wa mgonjwa, na begi la kukaa. Mwanamke mwema, lakini alipenda kukuza mambo. Akikohoa yeye, ni kifua kikuu. Alisimama mlangoni, akalitazama hodhi, akamtazama kaka yake, akajishika kichwa.

"Wifi! Hivi unamlaza mgonjwa mbele ya kaburi?"

"Mtaalamu ndiye aliyesema."

"Alisema aangalie vitu vinavyokufa? Kila kimoja kikifa humo na yeye anakwenda nacho. Huoni?"

Msusi aliona. Ndilo jambo alilokuwa akilikimbia kila asubuhi alipofungua pazia: kwamba viumbe vile na mtu yule walikuwa wamefungwa kamba moja, na kamba ilikuwa inavutwa chini. Alikuwa ameacha kusuka. Wateja walikuja, wakakuta baraza tupu, wakaondoka. Alishinda amepiga magoti mbele ya kioo, akitafuta rangi. Alikuwa akiomba kwa sauti, bila kujali nani anasikia: liachwe hili moja, hili la kijani tu.

Mgonjwa alipozidi kupiga kitanda, wifi alimwita muuguzi, naye akaacha vidonge vya kumtuliza. Msusi alisita. "Tungemuuliza kwanza anataka nini."

"Mgonjwa haulizwi uji," wifi alisema, akampa kidonge. Kisha akatandaza shuka juu ya hodhi, kutoka ukingo hadi ukingo. Fundi Baridi, ulimi umeshaanza kulegea kwa dawa, alilitazama shuka. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile zima. Msusi alikwenda jikoni akauma kanga yake ili asipige kelele.

Supu ndiyo iliyomzindua. Wifi alikuwa amechemsha supu ya mifupa ili mgonjwa apate nguvu, ikapashwa asubuhi, ikapashwa mchana, ikapashwa tena, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Msusi alimwekea mumewe kijiko mdomoni, akatema. Akaonja mwenyewe, naye akatema.

"Wifi, umetia chumvi nyingi!"

"Mimi? Sijaigusa tangu juzi!"

"Onja."

Wifi akaonja, akakunja uso. "Aa, hii imekauka tu. Umeipasha mara ngapi? Maji yanakwenda zake, chumvi inabaki. Ongeza maji ya kawaida hapo, itarudi."

Msusi alibaki na kijiko hewani.

Wifi alikuwa ameshageuka, anatafuta jagi. "Mbona umesimama kama nguzo?"

Kijiko kilianguka. Msusi alikwenda sebuleni, akavuta shuka, likaburuta taa na kuiangusha, akatumbukiza mkono hadi kiwikoni, akautoa na kuulamba. Maji yalikuwa yamevuka chumvi. Yalikuwa uchungu mtupu. Maji yalikuwa yakipaa hewani kila siku, matupu, matamu, na chumvi yote ikibaki. Naye kila siku akileta chumvi nyingine juu yake. Alikuwa amewachemsha viumbe wale kama supu. Polepole, kwa upendo, kwa mabakuli mawili.

Alijikokota hadi kitandani kwa magoti, akamshika mumewe mkono wa kushoto.

"Baridi. Nisikilize. Mdomo uache, nibane mkono. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Umenielewa?"

Dawa ilikuwa bado imemzunguka. Kisha vidole vikakaza, mara moja.

"Siku ile ya kwanza na pipa. Ulikuwa unaniambia nisitie chumvi?"

Vidole vikakaza, vikakaza sana, havikuachia.

Wifi aliyekuwa mlangoni na jagi alisikia mlio uliomtoka Msusi, akadhani kaka yake amekata roho. Alikuta mgonjwa mzima, na mke wake amelaza paji la uso juu ya mkono wake, akirudia, "Uliniambia. Uliniambia. Uliniambia."

Lakini huo haukuwa wakati wa kulia, maana hodhini bado kulikuwa na vitu vinavyopumua. Msusi aliruka, akatwaa ndoo ya maji yaliyochujwa, matupu bila chumvi, akaipandisha ukingoni mwa hodhi.

"Bado!"

Ndoo ilisimama hewani, maji yakimwagikia miguuni mwake. Safari hii hakujifanya anajua. Aliitua, akarudi kitandani, akashika mkono.

"Maji haya ni sawa?" Mara moja. "Nimwage yote?" Mara mbili, kwa nguvu. "Nusu?" Mara mbili. "Kidogo? Kikombe?" Mara moja, ndefu. "Halafu nisubiri?" Mara moja. "Hata kama wanakufa?"

Vidole vilikaa vimelegea. Kisha vikakaza, mara moja.

Wifi aliyasikia hayo yote akiwa amesimama. Aliweka jagi chini, akaokota shuka, akalikunja. "Kikombe kiko wapi?" aliuliza. Hakusema neno jingine mchana ule, na kwa wifi hilo halikuwa jambo dogo.

Msusi alisogeza redio akachukua kijibomba. Alitia tone kama alivyomwona mumewe akitia, akamshikilia jichoni, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Fundi Baridi alitazama. Alitazama mara moja tu, akakisukuma. Naye mkewe alipoweka jicho lake pale aliona mstari wa buluu, ule unaopima chumvi, umepanda juu ya alama zote, umefika mahali pasipo na namba. Kama angechungulia kijibomba kile siku ya kwanza, jambo lingekwisha kabla halijaanza.

Walimimina kikombe, wakasubiri, wakamimina kingine. Ikawa ndiyo kazi ya nyumba, siku baada ya siku, Msusi na wifi wakipokezana, mgonjwa akibana mkono: ndiyo, hapana, ngoja. Wakati wakisubiri, matumbawe yaliendelea kufa. Hicho ndicho alichokiona kigumu kuliko vyote, kujua tiba na kulazimika kuitoa kwa kikombe huku viumbe wakikata roho mbele yake. Zambarau iliisha yote. Konokono waliisha. Samaki mmoja alianza kuogelea kichwa juu, mwenzake akimzunguka na kumsukuma kwa ubavu. Kisha siku iliyofuata kulikuwa na mmoja, akizunguka mahali pasipo na mtu.

Mstari wa buluu ulishuka. Uliposhuka hadi pale mgonjwa alipobana mara moja na kuachia, Msusi alikaa chini sakafuni. Hakusikia furaha. Pampu ilinguruma vizuri kabisa, na taa ziliangaza mawe meupe kama mifupa ya ile supu. Pembeni, chini ya jiwe moja, kulikuwa na yale ya kijani, machache, madogo kama vifungo vya shati. Yalikuwa yamefumbua nusu.

Binti alipiga simu akashauri hodhi liuzwe, wazazi wapumzike. Msusi alimwambia asubiri, akaenda kumuuliza mwenye nalo, mkono mkononi. Mara mbili. Akarudi kwenye simu: "Baba yako amekataa."

"Amekataa? Anazungumza?"

"Hapana. Nimeuliza."

Mtaalamu wa mazoezi alikuja akampima nguvu za mkono wa kushoto, akasema zimeongezeka. Wa kulia ulikuwa vile vile. Kuhusu maneno, hakutaka kumpa Msusi matumaini asiyokuwa nayo mwenyewe. Huenda yakarudi machache, alisema, huenda yasirudi. Msusi alimshukuru na kumsindikiza hadi nje, akasimama kidogo barazani, penye kiti kitupu cha wateja, kabla ya kurudi ndani.

Siku hiyo ndiyo aliyoichagua kuyatoa matumbawe yaliyokufa, kwa kuwa wifi alikuwa amekwenda dukani na nyumba ilikuwa kimya. Alitandaza magazeti sakafuni kando ya kitanda. Alikunja mikono ya gauni, akaingiza mkono majini, akawa anang'oa kipande kimoja kimoja na kumwonyesha mumewe kabla ya kukilaza. Mara moja, kitupwe. Mara moja, kitupwe. Vilikuwa vyepesi na vikali, vilimkwaruza vidole.

Katikati ya kazi alisimama. "Nikuulize jingine. Una hasira na mimi?"

Mara mbili.

"Unanidanganya?"

Upande mzima wa mdomo wa Fundi Baridi ukavutika. Akabana, mara moja.

Msusi alicheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi, na kicheko hicho kikageuka njiani, akalazimika kujifuta uso kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa na maji ya chumvi. "Haya," alisema. "Kaa nayo. Ni haki yako. Lakini uji utakula."

Akarudi hodhini. Kipande cha mwisho kilikuwa kikubwa, tawi zima lililokuwa fahari ya hodhi, sasa jeupe kuanzia shina hadi ncha. Alikitoa, akakileta, akaanza kukilaza gazetini pamoja na vingine.

Mara mbili.

"Hiki kimekufa, Baridi. Tazama."

Mara mbili.

Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku, akakisogeza karibu na jicho. Alitafuta doa la zambarau, utando, chochote. Hakuona kitu. Alimtazama mumewe kuona kama kweli yeye ameona kitu, au ni mtu tu aliyeshindwa kuachia. Na macho yale hayakumwambia. Maji yalimtiririka kutoka kiwikoni yakidondokea magazeti.

"Sawa," alisema. "Nikirudishe pale pale kilipokuwa, au karibu na taa?"

Akaanza kutaja mahali pamoja baada ya pengine, akisubiri vidole.